Vidonge vya kuazima: tunajua nini hasa kuhusu dawa za maumivu ya neva kwa wagonjwa wa saratani?

Ukisoma karibu andiko lolote kuhusu dawa za maumivu ya neva yanayoletwa na kemo, utakutana na namba mbili: asilimia 59 na asilimia 38. Zinatoka kwenye jaribio moja lililochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2013, likiongozwa na Ellen Lavoie Smith, na zinahusu dawa inayoitwa duloksetini. Kati ya waliopewa duloksetini, asilimia 59 walisema maumivu yamepungua. Kati ya waliopewa kidonge bandia, asilimia 38. Basi. Namba zinapita kutoka slaidi hadi slaidi, na anayezisikia anaondoka akiamini kwamba dawa imepatikana.

Ni jaribio zuri, na niseme hivyo mapema maana sehemu kubwa ya makala hii ni kulalamika. Sina ugomvi na watafiti. Ugomvi wangu ni na namna tunavyolisoma, na namna tunavyorundika chini ya jina moja, "maumivu ya neva", vitu ambavyo havifanani, halafu tunashangaa kidonge kinafanya kazi hapa na kule kinagoma.

Kwanza tuelewane ni maumivu gani. Neva inayotoka karibu na uti wa mgongo hadi kidole gumba cha mguu ina urefu wa takriban mita moja kwa mtu mzima, na ni seli moja. Kiini chake kiko huko juu mgongoni. Chochote kinachohitajika kidoleni lazima kisafirishwe njia nzima, juu ya vijireli vidogo sana vinavyoitwa maikrotubuli. Sasa, paklitakseli, dawa inayotumika sana kwa saratani ya matiti na ya ovari, huua seli za saratani kwa kuzigandisha maikrotubuli hizo zisiweze kubomolewa na kujengwa upya. Seli isiyoweza kupanga upya reli zake haiwezi kugawanyika. Shida ni kwamba dawa haibagui reli ya seli ya saratani na reli ya neva. Usafirishaji unavurugika, na neva ndefu ndizo zinazoumia kwanza. Ndiyo maana dalili huanzia kwenye vidole vya miguu, zikaja vidole vya mikono, katika umbo ambalo madaktari hulifananisha na soksi na glavu.

Vinkristini inashika maikrotubuli zilezile ila kwa kinyume: inazizuia zisijengwe. Sisplatini na oksaliplatini zina njia nyingine kabisa. Platinamu hujikusanya kwenye vifundo vya seli za neva vilivyo pembeni mwa uti wa mgongo, na madhara yanaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, jambo linalowachanganya wagonjwa wengi: matibabu yamekwisha, mbona miguu inazidi? Oksaliplatini ina na kioja chake. Mgonjwa anashika chupa ya maji ya baridi, vidole vinachoma kama ameshika waya wa umeme.

Hayo ni maumivu ya dawa. Yapo mengine ambayo ni ya uvimbe wenyewe. Saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa kwenye nyonga inaweza kuubana au kuuvamia mtandao wa neva ziendazo mguuni. Saratani ya matiti, au iliyo kwenye ncha ya juu ya pafu, inaweza kufanya hivyohivyo kwa neva za mkono. Huku neva haijakatiwa usafiri, imekabwa. Huku mionzi inaweza kusaidia kwa kupunguza uvimbe, deksamethasoni kwa kupunguza kuvimba kunakoizunguka neva, na mofini ina nafasi yake kubwa. Lakini kwenye faili aina zote mbili zinaweza kuandikwa maneno yaleyale, na kidonge kinachoandikwa kikawa kilekile.

Na vidonge vyenyewe vyote ni vya kuazima. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona tangu miaka ya 1960. Gabapentini iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 kama dawa ya kifafa. Duloksetini iliruhusiwa huko mwaka 2004 kwa sonona na kwa maumivu ya neva ya wagonjwa wa kisukari. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya neva iliyoharibiwa na kemo. Kuazima si dhambi, tiba nyingi zimepatikana hivyo. Wazo lilikuwa kwamba kama mguu wa mwenye kisukari unawaka moto na wa aliyepata paklitakseli unawaka moto, basi kilichozima ule kitazima na huu. Inawezekana. Lakini wazo si ushahidi, na mahali pazuri pa kuliona hilo ni kwenye gabapentini.

(Jina la gabapentini lenyewe linapotosha kidogo. Ilibuniwa kufanana na GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, lakini haifanyi kazi kupitia vipokezi vya GABA. Inajishikiza kwenye sehemu ya milango ya kalsiamu ya seli za neva, na hivyo kupunguza kemikali za kupelekeana taarifa za maumivu.)

Mwaka 2004 kundi la Kiitaliano likiongozwa na Augusto Caraceni lilichapisha jaribio la wagonjwa 121 wenye maumivu ya neva yanayotokana na saratani, ambao tayari walikuwa wanatumia mofini au dawa za jamii yake. Walioongezewa gabapentini walibaki na wastani wa maumivu 4.6 kwenye mizani ya 0 hadi 10. Walioongezewa kidonge bandia, 5.4. Tofauti ndogo, ila ipo. Mwaka 2007 kundi jingine, likiongozwa na Ravi Rao, likachapisha jaribio la watu 115 wenye neva zilizoharibiwa na kemo. Hao walipandishiwa gabapentini hadi miligramu 2,700 kwa siku, kwa wiki sita, na kila mmoja alipita pande zote mbili, ya dawa na ya kidonge bandia. Matokeo: hakuna tofauti.

Anayesoma juujuu atasema utafiti unajipinga. Mimi naona kila mmoja ulijibu swali lake. Wa kwanza ulihusu maumivu ya saratani yenyewe, wa pili maumivu ya dawa. Tena ule wa pili una jambo ambalo watu hulipita haraka. Ili kuingia, mgonjwa alitakiwa awe na maumivu ya angalau 4 kati ya 10, au awe na angalau alama 1 kwenye kipimo cha 0 hadi 3 cha dalili za neva. Hiyo "au" ndiyo inayonisumbua. Maana yake mtu mwenye ganzi ya vidole bila maumivu ya maana angeweza kuingia. Ukimpa dawa ya maumivu mtu ambaye maumivu siyo shida yake kubwa, halafu ukamjumlisha na wengine, wastani utalala chini hata kama dawa inamsaidia jirani yake. Sisemi gabapentini inafanya kazi kwa watu wa kemo. Nasema jaribio lililotumika kuizika lilichanganya marehemu wawili kwenye kaburi moja.

Upande wa kinga habari ni fupi na si nzuri. Pregabalini, ndugu wa gabapentini, ilijaribiwa Brazil kwa wagonjwa 199 waliokuwa wakipewa oksaliplatini, ili kuzuia maumivu kabla hayajaanza. Haikuzuia. Asetili-L-kanitini, kirutubisho ambacho kinauzwa mitandaoni kama "chakula cha neva", ilijaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye dawa za jamii ya paklitakseli. Kufikia wiki ya 24, waliokimeza walikuwa na hali mbaya zaidi ya neva kuliko waliopewa kidonge bandia. Ukimwona mtu anakisifia, mwoneshe hilo.

Tunarudi kwenye duloksetini. Walioingia walikuwa 231, wote wakiwa wamepata dawa za jamii ya paklitakseli au za platinamu, na hapa hakukuwa na "au": ilikuwa lazima maumivu yafike angalau 4 kati ya 10. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Miligramu 30 kwa wiki moja, kisha 60 kwa wiki nne, halafu mapumziko, halafu makundi yakabadilishana. Nadhani sehemu kubwa ya siri ya jaribio hili iko kwenye mlango wa kuingilia. Waliuliza kuhusu maumivu, wakachukua wenye maumivu.

Sasa ile 59 kwa 38. Ukirudi kwenye makala yenyewe, hiyo ni asilimia ya waliosema maumivu yamepungua kwa kiasi chochote kile. Chochote. Aliyetoka 6 akaja 5.5 yumo humo. Kipimo kikuu ambacho watafiti walikitangaza tangu mwanzo kilikuwa wastani wa maumivu, na huo ulishuka kwa 1.06 upande wa duloksetini na kwa 0.34 upande wa kidonge bandia. Tofauti yao ni takriban 0.73 kwenye mizani ya 0 hadi 10. Haiwezi kuitwa bahati tu, takwimu zinaonesha hivyo. Lakini ni chini ya hatua moja kwenye ngazi ya hatua kumi.

Wastani nao una udanganyifu wake, kwa sababu unawaficha waliopona sana katikati ya wasiopata kitu. Kwa hiyo namba ninayoipenda ni nyingine, ambayo haiendi mbali kama ile ya kwanza: waliopungukiwa na maumivu kwa angalau asilimia 30, kiwango ambacho watafiti wa maumivu hukichukulia kuwa mgonjwa anakihisi kweli. Hao walikuwa asilimia 33 kwa duloksetini na 17 kwa kidonge bandia. Waliopungukiwa na nusu au zaidi walikuwa 21 kwa 9. Ukiitafsiri kwa lugha ya wodini: katika watu sita watakaoimeza kwa wiki tano, mmoja atapata nafuu ya maana ambayo asingeipata kwa kidonge bandia. Mwingine mmoja angeipata vyovyote vile. Wanne watabaki walipokuwa, au karibu na hapo, na baadhi yao watakuwa wamepata uchovu, kichefuchefu au kukosa usingizi kama ziada.

Je, mmoja kati ya sita ni kidogo? Kwa maumivu ya neva, si kidogo, dawa nyingi za eneo hili haziendi mbali zaidi ya hapo. Mgonjwa akielezwa hivyo anaweza kuamua: nijaribu wiki tano, nikiona hakuna kitu tuipunguze taratibu tuiache. (Taratibu, si ghafla, duloksetini ikikatwa ghafla inaleta kizunguzungu na wasiwasi.) Ila akielezwa kwamba "asilimia 59 wanapona", wiki ya tano ikifika na miguu bado inawaka, atajiona yeye ndiye mwenye kasoro.

Jambo jingine ambalo nukuu huliacha nyuma ni kwamba watafiti walipochungulia makundi madogo, ilionekana waliotumia oksaliplatini walinufaika zaidi kuliko waliotumia dawa za jamii ya paklitakseli. Wao wenyewe walilichukulia hilo kama dokezo tu la kuchunguzwa, na walifanya vyema, maana ukikata data vipande vipande lazima kimoja kitang'aa. Lakini kama dokezo hilo ni la kweli, linawahusu sana wanawake wenye saratani ya matiti, ambao wengi wao huumizwa na paklitakseli, siyo oksaliplatini.

Na hao hao wana kikwazo cha pili. Wengi hupewa tamoksifeni kwa miaka baada ya kemo. Tamoksifeni yenyewe ni kama dawa iliyofungwa kwenye karatasi. Ini huifungua kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi, kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Duloksetini hukizuia kimeng'enya hicho kwa kiasi. Madaktari bado wanabishana kizuizi hicho kina uzito gani kwa mgonjwa halisi, lakini ni mabishano ambayo mgonjwa anastahili kujua yapo kabla hajameza. Inashangaza jinsi maandiko ya kuelimisha umma yanavyomaliza habari ya duloksetini bila hata kuitaja tamoksifeni.

Miongozo nayo imefanya nini? Chama cha Marekani cha madaktari wa saratani, ASCO, kilitoa mwongozo mwaka 2014 na kuuhuisha mwaka 2020. Kwa maumivu ya neva yaliyokwisha kutokea kutokana na kemo, dawa pekee wanayoipendekeza ni duloksetini. Kwa kinga, hawapendekezi dawa yoyote. Wanachosisitiza ni daktari kutathmini kama kemo icheleweshwe, ipunguzwe, au ibadilishwe pale neva zinapoanza kulalamika. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko vidonge vyote nilivyovitaja, na linamtegemea mgonjwa aseme mapema. Wengine wananyamaza wakihofia dozi kupunguzwa na saratani kurudi. Hofu hiyo ina mantiki, haitibiwi kwa kuambiwa "usiogope". Inahitaji mazungumzo kabla ya dripu ya kwanza.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 kuhusu maumivu ya saratani ulichukua njia nyingine. Kwa dawa za jamii ya sonona na za jamii ya kifafa katika maumivu ya neva yatokanayo na saratani, haukupendekeza zitumike wala zisitumike. Kwa mwanasayansi hilo ni jibu la uaminifu. Kwa mganga aliye na mgonjwa mbele yake saa nne asubuhi na foleni nje, ni karatasi tupu. Ningeelewa zaidi kama wangeligawa swali: maumivu ya uvimbe huku, ya kemo kule. Ukiyaweka yote kwenye chungu kimoja na kuuliza "je, dawa hizi zinasaidia?", jibu la "haijulikani" umelipika mwenyewe.

Wakati huohuo amitriptilini ipo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, sehemu ya tiba shufaa. Ni ya bei nafuu, inafahamika, na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndiyo inayopatikana pale ambapo duloksetini ni jina la kusoma tu. Ushahidi wake kwa neva zilizoharibiwa na kemo? Jaribio la Kifini la mwaka 2008, watu 44, dozi ya kuanzia miligramu 10 hadi 50 kwa siku. Halikuonesha tofauti ya wazi kwenye maumivu. Kwa maumivu ya neva ya saratani yenyewe kuna jaribio la Kiitaliano la wagonjwa 16. Kumi na sita! Watu wa daladala moja. Halafu ni dawa inayokausha mdomo, inayofunga choo, inayoweza kumzuia mzee asikojoe na kuvuruga mapigo ya moyo. Inaweza kuwa inasaidia. Inaweza kuwa haisaidii kabisa na tunawakausha watu midomo bure. Watu 44 hawatoshi kutuambia.

Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba utafiti wa namna hii tuwaachie wenye fedha. Wenye fedha wana duloksetini, hawana sababu ya kuuliza kuhusu amitriptilini. Na swali linazidi kuwa la kwetu. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la kutibu saratani ya Kaposi kwa watu wenye VVU, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, likiwa na washiriki 334. Paklitakseli ilishinda mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini, uliokuwa ukitumika sana. Ni habari njema kwa saratani. Kwa neva maana yake ni paklitakseli nyingi zaidi kwa watu ambao neva zao huenda zimeshaguswa na VVU vyenyewe, na kwa baadhi yao na stavudini ya miaka ile kabla haijaondolewa kwenye matumizi. Mgonjwa wa namna hiyo hayumo kwenye namba 59 wala 38.

Kabla ya jaribio kama hilo kufanyika huku kuna kazi ya awali ambayo haihitaji maabara, nayo ni ya lugha. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili akiulizwa miguu ikoje, mara nyingi atasema "ina ganzi". Ganzi ipi? Kuna ganzi ya kutosikia kitu, kiatu kinavuka mguuni mtu hana habari. Kuna ganzi ya sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Na wapo wanaosema ganzi wakiwa na maana ya moto unaowaamsha usiku. Neno moja linafanya kazi ileile iliyofanywa na ile "au" ya jaribio la mwaka 2007. Wa kwanza akipewa amitriptilini atapata usingizi na mdomo mkavu, na mguu utabaki palepale. Wa tatu ndiye ambaye tungependa kujua kama anasaidika. Kwa hiyo dodoso liulize kila kimoja peke yake, kutosikia, sisimizi, moto, shoti, maumivu ya baridi, kila kimoja na mizani yake ya 0 hadi 10. Na liongeze maswali mawili ambayo mizani haiyafikii: unaweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, na ukiamka usiku kwenda chooni peku, unaijua sakafu ilipo bila kushika ukuta?